Matanga ya Tobrin

Jumapili, 1 Juni

Daftari hili nimepewa na Joyceline, mke wangu, ili niwe naandika presha yangu kila asubuhi. Yeye ni nesi, na katika nyumba hii neno la nesi halikatiwi rufaa. Presha ya leo: nzuri. Sasa ukurasa mzima umebaki mweupe, na mimi sipendi kitu kiharibike bure, kwa hivyo nitaandika na mengine.

Naitwa Mutuku. Ninaendesha basi kwenye uwanja wa ndege, lile linalowatoa wasafiri kwenye maegesho na kuwafikisha mlangoni. Nawashushia mizigo, wanaingia, wanaenda zao duniani, nami nageuza basi. Tunaishi Arlington, hapa Marekani. Tuna mtoto mmoja, Ndanu, ambaye amemaliza shule ya upili juzi tu, na mwezi wa nane anaenda chuo kikuu Houston, mwendo wa saa nne hivi kwa gari.

Daktari anasema presha yangu inatokana na chumvi. Mimi nasema inatokana na Houston.

Jumanne, 3 Juni

Joto. Presha nzuri.

Ijumaa, 6 Juni

Leo ni Ijumaa ya kwanza bila Oravelle, na nyumba imepooza.

Nieleze. Mwezi wa nne nilikuwa natafuta rimoti nitazame mpira. Ndanu alikuwa amekaa juu yake, anatazama kipindi kinachoitwa Taa za Oravelle. Kuna mji mkubwa uliomezwa na giza, na kuna msichana, Neriah, ambaye peke yake anaweza kuziwasha taa zake. Anapelekwa huko na mzee mmoja mwenye mkokoteni wa nyumbu, jina lake Tobrin, mnene, mlevi, mcheshi ajabu. Nilisema nitakaa dakika tano. Nilikaa mpaka mwisho, na Ijumaa iliyofuata mimi ndiye niliyemwita Ndanu aje upesi.

Kabla ya hapo mazungumzo yetu yalikuwa hivi. Mimi: "Umekula?" Yeye: "Yeah." Mimi: "Na shule?" Yeye: "Fine." Basi. Oravelle ilipoingia tukaanza kubishana, kusimamisha picha, kurudi nyuma, kumcheka Tobrin alipotumbukia mtoni na kutoka na samaki ndani ya kofia. Mtoto wangu ana kicheko kikubwa kama cha mama yangu marehemu. Nilikuwa nimekisahau.

Sasa kipindi kimeisha. Ndanu anasema kingine kitatoka baada ya miaka miwili. Jioni hii tumekaa kwenye kochi, yeye na simu yake, mimi na yangu.

Wanjohi, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, ana kijana aliye mwaka wa tatu chuoni. Ananiambia kijana akipiga simu na yeye akaipokea, kijana husema, "Hi Dad, is Mom there?" Tangu aondoke hajasema na baba yake zaidi ya hapo. Wanjohi alicheka akinisimulia. Mimi sikucheka. Naogopa, na nimeandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kusemea. Nataka mtoto wangu awe na jambo la kunipigia simu mimi.

Jumapili, 15 Juni

Leo ni siku ya akina baba hapa Marekani. Mwaka jana nilipewa soksi. Mwaka huu Ndanu kanipa kitabu, kinene, kimefungwa kwa karatasi ya buluu. Taa za Oravelle! Kumbe kipindi kilitoka kitabuni.

"Hii yote?" nikamuuliza. "Na mtihani utakuwepo?"

"Baba, it's different from the show. Like, way different. Especially Tobrin."

"Usiniambie!"

"I'm not telling you anything. Just read it, and then we'll talk."

We'll talk. Hayo maneno ameyasema mwenyewe, sikumlazimisha. Mara ya mwisho kusoma hadithi nilikuwa kidato cha nne, na nilisoma kwa kuogopa fimbo. Lakini kwa maneno hayo mawili ningesoma hata kamusi.

Jumatatu, 16 Juni

Kurasa nne. Kiingereza chake kina vichaka. Nimelala na kitabu usoni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekasirika! Tobrin si mlevi!

Nimesoma sura sita na hajagusa hata tone. Tena si mnene, ni mwembamba, mtu wa maneno machache. Anamwamkia nyumbu wake kila asubuhi kabla ya kumfunga mkokoteni. Anaijua kila njia na kila shimo. Amefikisha watu kwenye lango la Oravelle maisha yake yote na hajawahi kuingia, maana sheria ya mji inakataza wenye mikokoteni kupita langoni. Anawashusha, anageuza. Dereva wa kuheshimika kabisa, halafu watu wa filamu wanamvisha kofia yenye samaki!

Wakati wa chai kazini nilimweleza Placide. Placide anaendesha basi linalonifuata, ni Mkongo wa Bukavu, anakaa mtaa wa Vickery Meadow na mkewe na watoto watano.

"Ile filme tulionaka na batoto," akasema. "Tobrin njo ule mulevi, si njo?"

"Si mlevi, Placide. Wamemsingizia."

"Kumbe! Banatudanganyaka." Akavuta kiti. "Sasa ku kitabu iko namna gani? Leta, papa, niambie."

Ikabidi nimwambie kuanzia mwanzo. Nilichelewa kurudi kwenye basi.

Jumanne, 24 Juni

Joto la kukaanga yai barabarani. Presha nzuri. Sura ya kumi na moja.

Ijumaa, 27 Juni

Leo tumeongea! Nilimwambia Ndanu yaliyonitoa povu, yeye akanitolea yake, chakula kikapoa, Joyceline akala peke yake huku anatutazama. Ndanu anasema watu wa filamu walihitaji mtu wa kuchekesha. Mimi nikasema wangetafuta mfalme wamfanye mlevi, wafalme wapo watatu mle ndani na hakuna anayefanya kazi. Ndanu alicheka mpaka akakohoa.

"Baba, you're such a nerd."

Baadaye nilimuuliza Joyceline kama hilo ni tusi. Alisema hapana, kwa watoto wa siku hizi ni karibu na pongezi. Nimelipokea.

Ijumaa, 4 Julai

Majirani wanalipua fataki. Neriah na Tobrin wamelala pangoni wanawindwa na askari wa giza, na kila fataki ikilia naruka. Presha: Joyceline amekataa nipime leo.

Jumanne, 8 Julai

Kuna msichana alipanda basi langu akiwa na kitabu chetu mkononi. Tulipofika mlangoni nikamshushia sanduku, nikamuuliza amefika wapi.

"Oh, I finished it," akasema. Akashika kifua. "But the bridge! I cried for two days."

Nikaziba masikio hapo hapo, mbele ya wasafiri. Daraja gani? Kwenye TV Tobrin alitumbukia kutoka darajani na akatoka anacheka. Placide naye anasema nisiwe na wasiwasi, mtu mwema hawezi kufa kitabu kikiwa bado kinene hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Presha: nani ana muda wa presha! Wacha niandike yote jinsi yalivyotokea, kwa sababu kesho kanisani yatasimuliwa vingine.

Joyceline alikuwa kazini. Ndanu alikuwa kwenye kibarua chake cha kuuza aiskrimu. Mimi peke yangu kwenye kochi, sura ya thelathini. Darajani. Askari wanakuja, Tobrin anamfungua nyumbu, anampandisha Neriah juu yake, anampiga nyumbu kofi la mgongoni wavuke. Yeye anabaki na mkokoteni katikati ya daraja. Kisha daraja linakwenda na yeye anakwenda nalo, na maji yanamchukua.

Nililia. Mimi, mwanamume wa Makueni mwenye miaka hamsini na miwili, nililia mpaka herufi zikawa hazisomeki. Nikachukua simu nimwandikie Ndanu: "Tobrin ametuacha. Leo mchana, darajani. Sina nguvu hata ya kusimama." Nikatuma, nikaacha simu chumbani ipate chaji, nikatoka nyuma ya nyumba kumwagilia sukuma wiki. Mtu akiwa na uchungu afadhali ashike mpira wa maji.

Sijui ilichukua muda gani. Nikasikia mlango. Kufungua, ni Kwamboka, rafiki wa Joyceline wa kazini, amebeba sufuria kubwa imefungwa kwa leso. Aliiweka chini akanikumbatia.

"Pole, Mutuku. Pole sana, ndugu yangu."

Macho yangu yalikuwa bado mekundu. Nikajiambia Ndanu amemwambia. Nikaguswa, kwa kweli. Sikujua kama Kwamboka naye ni msomaji.

"Umesikiaje?" nikamuuliza.

"Tumesikia wote. Kaa chini, usisimame. Jikoni ni wapi, ni hapa? Usijisumbue."

Kabla sijakaa, gari la Wanjohi likaingia, nyuma yake la pili, la tatu. Wanaume wakaanza kushusha viti vya kukunja, vile vya kanisa. Akina mama wakapita na sufuria za chapati, ndengu na chai ya maziwa. Viatu vikajaa mlangoni. Mtu akazima TV, mwingine akageuza picha ya harusi yetu, sijui kwa nini. Wanjohi akaketi karibu nami, akanishika goti.

"Mutuku, jikaze. Hatukumfahamu marehemu, lakini hatuwezi kukuacha peke yako. Wengine wanasema ni wa upande wa Joyceline, wengine wanasema ni wa kazini. Hayo tutayajua baadaye." Akashusha sauti. "Mwili uko wapi?"

"Haukupatikana," nikasema. "Alichukuliwa na maji."

Chumba kizima kikasema "Uuuuwi!" kwa pamoja. Mama mmoja akaanza wimbo. Ni wimbo huo ndio ulionizindua. Nikaingia chumbani mbio, nikatazama simu. Ujumbe wangu haukwenda kwa Ndanu. Ulikwenda kwenye kundi la chama, watu zaidi ya mia mbili, na chini yake kulikuwa na poleni mpaka kidole kikachoka kushusha.

Nilikaa kitandani nikafikiria dirisha. Lakini dirisha letu ni dogo, na nje pia kulikuwa na watu.

Nikarudi sebuleni nikaona ndiyo kwanza Placide anaingia na kreti ya soda begani, shati limelowa jasho. Kuna Mkenya kazini aliyemwambia. "Nilisikia mutu amekufa ku kwako, nikasema sitakuya mikono mitupu," akasema. Nikafungua mdomo nieleze. Hapo hapo mlango ukafunguliwa tena, na alikuwa ni Joyceline katika nguo zake za kazi. Alikuwa ameona magari tangu kona ya barabara. Aliingia tayari analia, akamwangukia Kwamboka.

"Ni nani? Niambieni, ni nani?"

"Ni Tobrin," Kwamboka akamwambia kwa upole, akimpigapiga mgongo. "Jikaze, mama."

Joyceline aliacha kulia. Akainua kichwa, akanitafuta kwa macho katikati ya wale watu wote, akanipata.

"Mutuku. Tobrin wa TV?"

Wanjohi akasimama, akavuta suruali juu kama anavyofanya akifungua mkutano. "Mutuku, mbele ya hawa watu. Tobrin ni nani?"

Nikasema. Nilisema nikitazama zulia. Nikaeleza kitabu, daraja, simu, kundi. Nilipomaliza Kwamboka alikuwa amesimama na mwiko.

"Nimepika chapati arobaini kwa ajili ya mtu wa TV?"

"Wa kitabu," nikamsahihisha. "Kwenye TV yuko hai."

Na katika kundi lile lote mtu mmoja akaanguka kitini kwa uchungu wa kweli. "Tobrin?" Placide akasema. "Tobrin yetu? Papa Mutuku, jana uliniambia iko muzima!"

"Jana alikuwa mzima, Placide. Amekufa leo."

"Mungu wangu," akasema Placide, akajishika kichwa.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Joyceline. Alicheka akiegemea ukuta, Kwamboka akamfuata na mwiko wake, kisha chumba kizima, Wanjohi akijifuta machozi kwa tai. Wakati huohuo simu zote zikalia ile sauti ya tahadhari ya dhoruba, mbingu ikapasuka, na mvua ikamwagika huwezi kuona gari lako mwenyewe. Hakuna aliyeweza kuondoka.

"Basi," Kwamboka akasema, akianza kugawa sahani, "kwa kuwa tuko hapa na chapati ni moto, tuambie alikufaje."

Nikasimulia. Nilianzia pale Neriah anapopanda mkokoteni kwa mara ya kwanza. Watu walikula, wakauliza maswali, wakamlaani mfalme wa pili. Mvua inapiga paa, mimi nasimulia. Nilipofika darajani hakuna aliyekuwa anatafuna. "Daraja likavunjika," nikasema, "na mzee akaanguka nalo."

"Hapana, Baba. Daraja haikuvunjika."

Ni Ndanu. Alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa, bado ana kofia ya aiskrimu kichwani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Haikuvunjika," akasema tena. Alikuwa anayatafuta maneno moja moja. "Yeye alikata kamba. Na kisu yake. Alikata, ili hao watu... wasimpate Neriah. Hakuanguka. Alijua."

Watu wote waligeuka. Mtoto wangu amekuwa akinijibu kwa Kiingereza tangu darasa la pili, na leo amesimama mbele ya Arlington nzima anasema Kiswahili kwa ajili ya Tobrin. Machozi yangu ndiyo yaliyonifichia sentensi ile ya kamba. Yeye aliisoma.

"Ingia, mwanangu," Kwamboka akamwambia. "Keti, endelea wewe. Baba yako anaruka mambo."

Mvua ilipopungua Wanjohi alisema kwa kuwa tumeshakusanyika si vizuri kuachana bila maombi. Akaombea wasafiri wote, na wanaowafikisha. Kisha wakakunja viti. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimepewa pole na watu thelathini, wote wanacheka. Mchungaji pia.

Jumapili, 20 Julai

Nimeweka kitabu juu ya kabati. Zimebaki kurasa arobaini. Siendelei.

Ndanu kaniuliza mbona nimeacha. Nikamwambia dereva amekufa, msichana ataingia langoni kwenye mataa, mimi nitafuata nini huko?

Alinitazama sana. "Is that what you think happens?"

"Ndivyo inavyokuwa," nikasema. "Ukishafika hujali uliletwa na nani."

Nilitamani nirudishe maneno, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba hatuzungumzii kitabu.

Alhamisi, 31 Julai

Joto. Presha imepanda kidogo. Joyceline amenunua shuka za Houston, taulo za Houston, sabuni ya Houston, kana kwamba huko hakuna maduka.

Jumatano, 6 Agosti

Placide ananisumbua kila chai. Leo alisema: "Papa, Tobrin amekufa, sawa, nimekubali. Lakini ule nyumbu. Nani anamupa majani? Mi silale usiku juu ya kuwaza ule nyumbu."

Swali hilo limenifuata mpaka nyumbani. Nani anamlisha yule nyumbu? Nimekitazama kitabu pale juu ya kabati. Sikukishusha.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumerudi Arlington jioni hii. Mgongo unauma, na bado nataka kuandika.

Tuliondoka alfajiri. Gari limejaa, Joyceline nyuma amezungukwa na mito na sufuria, Ndanu mbele pembeni yangu. Tulipita mji wa Corsicana, kila mtu akitazama barabara. Kisha Ndanu akainama, akatoa kitu kwenye mkoba wake, nikaona kile kitabu changu cha juu ya kabati.

"Nitakusomea," akasema. "Kwa Kiswahili. But don't laugh."

"Sicheki."

"Mama, you too."

"Mimi nimelala," Joyceline akasema kutoka kwenye mito.

Akaanza. Alikuwa anasoma sentensi kwa macho, anafikiri, kisha anaitoa kwa Kiswahili chake, na kila kitu kilikuwa "hii" na "yake". Nyumbu yake, kiti yake, mto yake. Akikwama ananiuliza. "Lantern ni nini? Dawn ni nini?" Nilimwambia alfajiri, akairudia mara mbili, akaipenda. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Neriah alifika langoni juu ya nyumbu, peke yake. Akaingia, akawasha taa, mji ukaamka. Nikasema moyoni, si nilisema?

Tulisimama kununua mafuta, nikanunua na nyama kavu, akasoma akitafuna. Houston ilipoanza kuonekana zilibaki kurasa chache, na simu inayonionyesha njia ikaniambia nitoke kulia. Sikutoka. Nikashika barabara ile inayouzunguka mji, ambayo haina mwisho, na nikaendelea kuizunguka polepole huku magari ya watu yananipigia honi.

"Mutuku," Joyceline akasema, "hilo jengo tumelipita mara mbili."

"Mwache mtoto amalize."

Na akamaliza. Taa zilipowaka zote, wakubwa wa mji walimpa Neriah nyumba langoni na akaikataa. Akaomba mkokoteni, na ruhusa ya kupita nao langoni. Akamfunga yule nyumbu wa Tobrin, ambaye alikuwa akimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Placide atalala sasa. Na kila siku ya soko, Neriah anatoka langoni na kwenda mpaka ukingoni mwa ule mto. Anasimamisha mkokoteni, anasogea akae upande wa abiria, na upande wa dereva anauacha wazi. Kisha anasema, "Tobrin, nimekuletea habari za mjini." Anamweleza bei ya mkate, nani kaoa, nani kamkosea, anaogopa nini. Kitabu kinaishia pale akiwa bado anaongea.

Kwenye TV hawakuweka hata neno moja la hayo.

Ndanu alifunga kitabu. Joyceline, aliyekuwa amelala, alipenga kamasi. Mimi nilitazama barabara na nikatoka kulia.

Chuoni hakuna sheria ya madereva, nimethibitisha. Niliingia langoni, nikaingia mlangoni, nikabeba friji ndogo mpaka ghorofa ya nne, nikamsalimia kila mzazi niliyekutana naye. Wakati wa kuagana Ndanu alinikumbatia kwa nguvu, kisha akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu zaidi. Hilo nililiona.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumba kubwa. Presha nzuri, ajabu.

Jumatano, 20 Agosti

Ndanu alipiga simu ya nyumbani wakati Joyceline anaoga. Niliipokea mbio.

"Hi Baba, is Mom there?"

Nikampelekea Joyceline mlangoni pa bafu. Walizungumza mambo ya pasi na rangi za nguo. Nilienda kumwagilia sukuma wiki.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya kanisa tulikuwa mezani. Simu ikalia, si ya nyumbani wala ya Joyceline, ilikuwa yangu, mfukoni. Jina la Ndanu. Joyceline alikuwa tayari amenyoosha mkono juu ya bakuli la mchuzi ili apewe.

Nikaiweka sikioni.

"Tobrin," mtoto wangu akasema, "nimekuletea habari za mjini."

Nilikuwa nimekaa, lakini nilitafuta kiti.

"Mimi sijafa," nikamwambia.

"Najua, Baba," na kile kicheko cha mama yangu kikanijaa sikioni. "Sasa sikiliza. Kwanza, chapati ya hapa ni uongo."

Akaniambia yote, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Msichana anayekaa naye chumbani anakoroma na anakana. Alipotea siku ya kwanza akaingia darasa la watu wa ngoma na kuona haya kutoka, akacheza. Hesabu za hapo zinamtisha, hajamwambia mtu mwingine. Nikamuuliza kinachomtisha ni nini hasa, akanieleza, nikamsikiliza mpaka mchuzi ukaganda. Aliniuliza Placide amelala? Nikamwambia amelala, ila sasa anataka kujua kama nyumbu ana jina.

Mwishowe nikasikia anaitwa na wenzake. Joyceline bado alikuwa amenikazia macho, mkono wake umerudi mezani lakini uko tayari.

"Ni zamu yangu?" akaniuliza.

Nikamuuliza Ndanu. Nikasikiliza jibu, nikaaga, nikakata simu, nikaiweka mezani taratibu kando ya sahani yangu.

"Anakusalimia sana," nikamwambia mke wangu. "Anasema wewe atakupigia kesho."